Nailoni ya Kituo Namba Arobaini na Moja

Hebu niambie wewe unayesoma: kochi lako jipya ulikaa nalo miaka mingapi kabla hujalivua nailoni?

Sema kweli, hapa hakuna mgeni. Mimi langu lilikaa miaka sita. Ukilikalia linalia kwarakwara, jua likiwaka linakunata mapajani, ukiinuka linataka kuinuka na wewe. Lakini lilikuwa jipya, na kila aliyeingia aliona kwamba nyumba hii ina kitu kipya. Kwa hiyo sitasema kwamba serikali yetu iliokota mawazo yake angani. Iliyaokota kwenye sebule zetu. Tofauti ni moja tu: mimi kochi langu liliponichosha nilichukua kisu cha vitunguu nikalivua, na hakuna aliyefungwa.

Nchi yenyewe sitaitaja. Tuliambiwa jina lake ni mali ya umma, lisichakazwe kwa kutajwatajwa ovyo. Itoshe kusema ni nchi yenye amani, yenye wizara nyingi, na yenye Mtukufu Mwenye Nchi ambaye aliamka asubuhi moja akahisi kwamba wananchi hawamwoni vya kutosha wala hawamsikii vya kutosha. Wengine tulidhani tumemwona na kumsikia mpaka tumekinai. Kumbe tulikuwa tunakosea.

Basi ikatoka amri kwamba kila nyumba kumi zipewe hom thieta moja. Mtaani kwetu ikaangukia kwangu, kwa sababu sebule yangu ina sakafu ya saruji na soketi isiyochezacheza. Sikuulizwa. Walikuja Jumanne na futi ya kupimia, wakatoa nje kabati langu la vyombo pamoja na vyombo vyake, wakatoa na kochi, wakaingiza runinga yenye ukubwa wa mlango, spika tano, sabufa moja kubwa kama debe la mahindi, king'amuzi na rimoti. Juu ya mlango wakapigilia kibao: KITUO CHA KUTAZAMIA NAMBA 41. Tangu siku hiyo, ili niingie sebuleni kwangu kufagia, ilibidi nisaini daftari. Kwenye safu ya "Sababu ya Ujio" nilikuwa naandika: naishi hapa.

Msimamizi wa kituo alikuwa Bwana Chitanda, Afisa Mtazamo wa Kata, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, moja ikiwa inaandika. Siku ya uzinduzi alisimama mbele ya mtambo, majirani wamejaa mpaka uani, akatusomea Sheria ya Upya, iliyotungwa na Mheshimiwa Dokta Lubisi, Waziri wa Sauti, Picha na Upya.

"Kifungu cha kwanza," alisema. "Kila zawadi ya Mtukufu ni mpya. Kifungu cha pili: zawadi ya Mtukufu haichakai. Kifungu cha tatu: kitu chenye nailoni ni kipya, kisicho na nailoni ni mtumba. Kwa hiyo, ndugu wananchi, atakayetoa nailoni atakuwa amesema kwamba Mtukufu anagawa mitumba. Kuna swali?"

Mama Sikudhani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwenye mdomo usiojua likizo, akanyoosha mkono. "Na rimoti je? Maana nayo imefungwa nailoni, na betri ziko nje."

"Rimoti ni mpya sana," alijibu Bwana Chitanda. "Betri zitakaa pembeni yake."

Tukapiga makofi. Wakawasha mtambo kwa kubonyeza juu ya nailoni.

Sasa nieleze tulichokiona, maana napenda mtu akisimuliwa aone. Nailoni ya kioo ilikuwa ile nene ya kiwandani, yenye viputo vya hewa na maandishi ya kigeni pembeni. Nyuma yake palikuwa na kitu cheusi juu na cheupe chini, kinatikisika kama uji unaotaka kuchemka. Bwana Chitanda akatwambia ndiye Mtukufu. Baadaye kikaja kitu cha kijani, akasema ni shamba. Kisha kikarudi kile cheusi na cheupe, tukasimama tukapiga makofi, kumbe ni ng'ombe wa maziwa.

Upande wa sauti, spika za pembeni na za nyuma zilifungwa nailoni moja moja. Ile ya katikati, inayokaa chini ya runinga, ilifungwa nailoni tatu kwa heshima, kwa sababu ndiyo inayobeba sauti ya Mtukufu. Kwa hiyo bendi tuliisikia. Makofi ya ukumbini tuliyasikia vizuri mno, yalitoka nyuma ya visogo vyetu mpaka watu wakageuka kutazama nani kaingia. Ila maneno yenyewe yalikuwa mmmh-mmmh-mmmh, kama mtu anayekusemesha huku ana kiazi cha moto mdomoni.

Tulipotoka tukaambizana kwamba hotuba ilikuwa nzito.

*

Mwanangu Mwinjuma ni fundi wa redio na runinga. Nasema ni, sisemi alikuwa. Ndiye wangu wa mwisho, ana vidole virefu vyenye alama za moto wa risasi ya kuchomelea, na tangu mdogo hawezi kukaa karibu na kitu kibovu bila kukigusa. Jumapili moja alikuja kula kwangu wali na maharage ya nazi, akakuta hotuba inaendelea na watu wamekaa kimya wanasikiliza mmmh-mmmh. Alisimama mlangoni na sahani mkononi, akasikiliza, akacheka.

"Mama, hiki kitu si kibovu. Kimevishwa nguo nyingi tu."

"Kaa ule, baba," nilimwambia.

"Hapana, tazama. Hizi za pembeni zinabeba bendi na makofi. Hii ya katikati ndiyo ya maneno ya watu. Nyie mmeiziba mdomo."

Akaweka sahani chini, akachuchumaa, akabandua ukingo wa nailoni kwa ukucha, tabaka zote tatu, upana wa vidole vitatu na si zaidi. Nilikuwepo, niliona. Na kwenye upenyo ule sauti ya Mtukufu ikatoka safi kama maji ya mtungi:

"... na hapa nyamaza, ngoja makofi, hesabu mpaka kumi."

Kikawa kimya cha kuhesabu mpaka kumi. Halafu makofi, nyuma ya visogo vyetu.

Tulielewa sote kwa mkupuo mmoja kwamba Mtukufu alikuwa anasoma hata yale aliyoandikiwa asiyasome. Mama Sikudhani alijaza upindo wa kanga mdomoni, mabega yanamtikisika. Bwana Chitanda hakucheka. Alichomoa kalamu, akaijaribu, haikuandika. Akachomoa ya pili, nayo hivyo hivyo. Ya tatu ikaandika.

Jumatatu wakamchukua Mwinjuma kwenye kibanda chake cha ufundi, na Jumatano akasimama mbele ya hakimu.

"Umechakaza mali mpya ya Taifa kwa kiasi cha vidole vitatu," alisema hakimu. "Utakaa ndani mpaka Wizara iridhike kwamba mali hiyo imerudia upya wake."

"Mheshimiwa hakimu," mwanangu akauliza, kwa adabu, nilimlea vizuri, "kitu kilichochakaa kinarudije kuwa kipya?"

"Hilo ni swali la kiufundi," hakimu akamjibu, "na fundi ni wewe."

Watu wakacheka mahakamani. Nami ninayeandika haya sikucheka, na mpaka leo nikikumbuka kile kicheko, mikono inatafuta kitu cha kushika.

Kituoni wakaja watu wawili wakaongeza nailoni ya nne kwenye spika ya katikati, wakaipaka gundi.

*

Msidhani nchi yetu haina huruma. Inayo, na imeipangia siku: Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa nane, saa nane mchana. Siku hiyo Mtukufu mwenyewe husoma kwenye runinga orodha ya Wanaotoka. Haichapwi gazetini, kwa sababu karatasi huchakaa. Orodha ni moja tu: wanaotoka gerezani kwa msamaha na wanaotoka ofisini kwa kufukuzwa husomwa pamoja, kuokoa muda, na kila jina lina namba yake. Ndugu wa mfungwa afike kwenye lango la gereza kabla jua la siku ya tatu halijazama, aitaje namba. Asipoitaja, huruma inarudishwa ilikotoka. Ikirudishwa mara mbili, jina linafutwa kabisa, maana serikali haiwezi kuwa inambembeleza mtu.

Mwaka wa kwanza tulikusanyika tangu saa tano. Nilivaa kanga mpya. Orodha ikaanza: mmmh-mmmh, makofi, mmmh-mmmh-mmmh, makofi. Majirani walijitahidi, Mungu awalipe. Mmoja alisema amesikia kitu kama "Mwi". Mwingine akasema ile ilikuwa bendi. Kwenye kioo zikapita sura zinazofanana na maandazi.

"Yule! Yule pale!" Mama Sikudhani akaruka. "Namjua kwa masikio yake!"

"Yule ni Mkuu wa Majeshi," akasema Bwana Chitanda. "Kaa chini, unamvunjia heshima."

Nilikwenda gerezani siku ile ile. Langoni palikuwa na askari kijana mwenye daftari.

"Shikamoo, bibi. Namba?"

"Marahaba. Sikuisikia, mwanangu."

"Ilisomwa."

"Najua ilisomwa. Ilisomwa ndani ya nailoni."

Akatazama kulia na kushoto, akafungua daftari, akapitisha kidole, akafunga. "Bibi, nikwambie ukweli. Jina la mwanao limo, nimeliona kwa macho yangu haya. Nitajie namba nimfungulie mlango."

"Kama umeliona jina, na namba umeiona."

"Nimeiona. Lakini wa kuitaja ni wewe."

Basi nikakaa chini pale langoni nikaanza kutaja. Nilianza na moja. Nilitaja kutwa, nikarudi kesho yake nikaendelea nilipoishia, na siku ya tatu sauti ilikuwa imenikauka, midomo imepasuka. Jua lilipozama nilikuwa nimefika mia sita arobaini na mbili. Yule askari akanisaidia kuinuka, akanipangusa vumbi, akaniambia kwa upole kabisa:

"Bibi, kisheria unaruhusiwa kutaja mara moja tu. Hizo nyingine zote nilikuwa nakusikiliza kwa heshima ya umri wako."

Watu waliniambia mvumilivu hula mbivu. Mimi nimevumilia mpaka mbivu zimeozea mtini, na kuna waliokaa chini yake wakiandika taarifa kwamba mavuno ni mazuri.

*

Siku za kupeleka chakula nilikuwa namwona Mwinjuma kwenye dirisha lenye wavu. Shati lake lilianza kumkaa kama la kuazima, na kikohozi kilichoanza kama cha vumbi kikawa cha kifua. Walikuwa wanamtumia kutengeneza runinga ya mkuu wa gereza, ambayo nayo haionyeshi kitu kwa sababu ya nailoni, na kila Ijumaa walimwadhibu kwa kuwa haijapona.

"Mama," aliniambia, "usibandue kitu. Nenda ukalalamike kwa utaratibu."

Nikaenda kwa utaratibu. Ofisi ya kata walinipa fomu ya kijani. Ilikuwa na visanduku viwili: SAUTI na PICHA, na chini yake imeandikwa, "Weka alama ya vema kwenye kimoja tu." Darasa langu la nne linatosha kusoma fomu, kwa hiyo nilisoma mbele na nyuma.

"Na mtu ambaye shida yake si sauti wala si picha?" nilimuuliza karani.

"Huyo hana shida, bibi," karani akanijibu, wala hakuinua uso.

Nikaweka vema kwenye SAUTI. Baada ya miezi mitatu ikaja Tume ya Sauti, watu wanne na sanduku la chuma. Mkuu wao alikuwa na miwani kichwani na mingine usoni. Wakafanya kazi, siwezi kuwasingizia. Walizima mtambo, wakawasha. Wakazima kwa muda mrefu zaidi, wakawasha. Walichomoa waya nyekundu wakaichomeka, wakachomoa nyeusi wakaichomeka, wakaulizana kama nyekundu ilikuwa pale mwanzo. Walipanda darini kutazama dishi lisilokuwepo darini. Mama Sikudhani alisimama mlangoni mikono kiunoni, akashindwa.

"Jamani, wataalamu! Si hiyo nailoni hapo!"

Mkuu wa tume akamgeukia taratibu. "Mama, wewe umesomea sauti?"

"Sikusomea. Lakini mtoto wangu akinisemesha ameziba mdomo na shuka, sinunui masikio mapya. Namtoa shuka!"

"Andika," mkuu akamwambia mwenzake, "mwananchi ameonyesha dalili za uchakavu."

Mama Sikudhani akarudi kwake haraka. Wao wakaamua kwamba sabufa ni ndogo. Wakaleta nyingine, imebebwa na watu sita, nayo ikiwa na nailoni yake. Walipoiwasha, maneno hayakuongezeka hata moja, lakini ukuta wangu wa mashariki ulipasuka toka juu mpaka chini, kuku wakaacha kutaga, na vyombo vilivyokuwa uani ndani ya lile kabati vikateremka vyenyewe kimoja kimoja. Kisha wakanipima masikio kwa kuninong'oneza. Taarifa yao ninayo, imepigwa muhuri: "Mtambo unatoa sauti kikamilifu. Wananchi wa kituo hiki wanapokea chini ya kiwango."

Nikajaza fomu ya pili. Nikaweka vema kwenye PICHA, ningefanyaje? Tume ya Picha ikaja na haikutaka hata salamu. "Usitusemeshe, bibi," waliniambia. "Kusema ni sauti, na sauti si idara yetu." Wakahamisha viti nyuma. Wakahamisha viti mbele. Wakatuketisha kwa urefu, halafu kwa unene, halafu kwa mwaka wa kuzaliwa. Mwisho wakatangaza kwamba macho yetu yamezoea vitu vya zamani, ndiyo maana kitu kipya kinayatatiza, wakatugawia miwani ya bure. Ilikuwa miwani mizuri, sitasema uongo, ya fremu ya dhahabu. Na ilikuwa kwenye nailoni, kila jicho na nailoni yake, na ole wake atakayeibandua. Kwa hiyo tukawa tunatazama nailoni kwa kupitia nailoni.

Nikaandika barua wizarani pia, nikiomba waridhike kwamba mtambo umerudia upya wake, mwanangu aachiwe. Wakanijibu kwamba ili waridhike lazima waukague mtambo, na ili waukague lazima waufungue nailoni, na wakiufungua hautakuwa mpya. Barua ilikuwa na lugha nzuri sana. Iliishia, "Tunakutakia utazamaji mwema."

Siku hiyo ndiyo niliyopasua sahani. Sikuiangusha, niliipasua.

*

Ikafika Alhamisi ya huruma ya mwaka wa pili, na hii ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa Mwinjuma. Siku mbili kabla, nilipompelekea uji, hakuweza kusimama dirishani; mwenzake alimshikilia kwapani.

Asubuhi ya Alhamisi Bwana Chitanda akaja mbio, shati limemganda mgongoni. "Mama Mwinjuma, fagia! Mheshimiwa Waziri anakuja kutazama orodha hapa kwako!"

"Kwa nini kwangu?"

"Kituo chetu kimeongoza kwa malalamiko. Wizara imeona kwamba anayelalamika sana ndiye anayetazama sana. Tunapewa cheti."

Saa saba na nusu likaja gari jeusi lenye bendera, akateremka Mheshimiwa Dokta Lubisi, mtu mnene wa suti ya bluu, kadi ya bei bado inaning'inia kwenye mkono wa koti kama sheria inavyotaka. Akakaa kwenye kiti kilicholetwa na gari la pili. Kiti kikalia kwarakwara. Simu zote zikaachwa nje kwa dereva, kwa itifaki. Mkoba wenye muhuri wa wizara akaupakata.

"Ndugu wananchi," alianza, "wapo wanaodai kwamba hawasikii na hawaoni. Nawauliza: babu zetu walikuwa na hom thieta? Hawakuwa nayo. Je, walisikia? Hawakusikia. Je, walilalamika? Hawakulalamika! Kwa hiyo tatizo si mtambo. Tatizo ni matarajio. Wizara yangu iko mbioni kuyapunguza."

Makofi. Saa nane kamili, bendi. Kitu cheusi na cheupe kikatokea, na orodha ikaanza. Mmmh-mmmh-mmmh, makofi. Mmmh-mmmh, makofi. Nilikuwa nimesimama kando ya mtambo, macho yamenitoka, namsikiliza mwanangu katika kila mmmh, na kila mmmh ilipopita nilihisi kama lango linafungwa.

Mheshimiwa alikuwa anatabasamu, anatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Ndipo akatazama dirishani. Nami nikatazama. Nje, dereva wake alikuwa amesikiliza simu, ameiweka mfukoni, na sasa alikuwa anaichomoa bendera kwenye gari. Aliikunja mara mbili, akaiweka chini ya kiti. Halafu akakaa yeye kwenye kiti cha nyuma.

Tabasamu la Mheshimiwa likaondoka kama limeitwa.

"Amesema nani?" akanong'ona. "Hilo jina la sasa hivi. Amesema nani?"

"Maneno mazito, Mheshimiwa," alijibu Bwana Chitanda.

"Nimekuuliza jina!"

"Lilianza na mmmh."

Kwenye spika orodha iliendelea. Mheshimiwa akasimama, kiti kikasimama naye kidogo kikamwachia. "Toeni nailoni."

Hakuna aliyetikisika. Mama Sikudhani ndiye aliyejibu, kwa sauti tamu kama asali ya kuibiwa: "Si sheria, Mheshimiwa?"

"Sheria niliiandika mimi!"

"Ndiyo maana tunaiheshimu, baba."

"Chitanda! Toa nailoni, ni amri!"

Bwana Chitanda alisimama wima, jasho linamtiririka. "Mheshimiwa, kama bado u Waziri, natii. Kama umesomwa, basi u raia unayetaka kuchakaza mali ya Taifa, na itabidi nikukamate. Nangoja kusikia ni lipi."

"Utasikiaje na nailoni iko pale?"

"Ndiyo hiyo shida, Mheshimiwa."

Waziri akapiga hatua kuelekea kwenye spika ya katikati, mkono umenyooka, kisha mkono ukarudi wenyewe. Alijua mahali vidole vitatu vinakompeleka mtu. Akanigeukia mimi. Sijawahi kuona uso wa mtu mkubwa ukiwa mdogo vile.

"Mama. Mama yangu. Nyumba ni yako. Wewe bandua, mimi nitaagiza usiguswe. Umelalamika miaka miwili, leo nakupa kwa mkono wangu unachotaka. Unataka sauti? Unataka picha? Chagua hata vyote viwili!"

Nilipita nikasimama kati yake na ile spika. 

"Bwana Chitanda," nikasema, "huyu mpaka tusikie kwamba si Waziri, ni nani?"

Bwana Chitanda akafikiri, maana alikuwa mtu wa sheria. "Kwa mujibu wa taratibu," akasema, "habari isiyosikika haijatokea. Ni Waziri."

"Na muhuri ulio kwenye mkoba wake?"

"Ni muhuri wa Waziri."

"Basi hii nailoni haibanduki," nikamwambia Mheshimiwa, "mpaka uniandikie. Keti. Fungua mkoba. Orodha ikiisha, dereva wako ataingia kuja kukwambia kwa mdomo wake, na mdomo wake hauna nailoni, kwa hiyo usichelewe. Andika kwamba Wizara imeridhika. Andika na jina la mfungwa, na upige muhuri mbele ya majirani hawa. Miaka miwili mnaniuliza sauti au picha, sauti au picha, na mimi kwa adabu niliyofunzwa naweka vema kwenye kisanduku chenu. Mmenipima masikio, mmenivisha miwani, mmenipasulia ukuta. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nataka nini, na mimi mjinga nilipoandika barua mkanitakia utazamaji mwema. Sitaki sauti! Huyo mtu wenu sina hamu ya kumsikia hata akisema ukweli. Picha nayo siitaki, ichukueni na runinga yake. Nataka Mwinjuma. Nataka mwanangu wa kumzaa, na kikohozi chake na mifupa yake, leo hii, kabla hajawa jina lililofutwa. Nipeni mtoto wangu."